Hukuupalilia: Ulezi, Ngano na Historia ya Kikaango Chetu



Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya jiko nyumbani kwangu hapa Makumira, upawa mkononi, nikijaribu kugeuza chapati ya maji ya unga wa ulezi. Ilikatika vipande vitatu. Ya pili ilikatika viwili. Mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka 75, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akichambua maharage. Alinitazama kwa muda bila kusema neno. Nilipomweleza kwamba nataka wajukuu zake wazoee chakula cha asili yetu, alicheka kidogo, kisha akasema: "Baba, wewe unaupenda ulezi kwa sababu hukuupalilia."

Nimefundisha historia chuoni kwa zaidi ya miaka kumi, na nimesahihishwa na wanazuoni wengi wenye vyeo vikubwa kuliko changu. Sikumbuki aliyenisahihisha kwa maneno machache kiasi hicho. Makala haya ni jaribio la kulielewa neno la mama yangu. Hoja nitakayoijenga ni kwamba unga ulioko jikoni mwetu uliamuliwa na historia ya ardhi, ya kazi na ya sera kabla haujaamuliwa na ulimi. Asiyeijua historia hiyo anaweza kuupenda ulezi na bado asiuelewe.

Galette ya Rennes

Wazo la kupika chapati za ulezi nililipata mbali na nyumbani. Miaka michache iliyopita nilihudhuria kongamano katika mji wa Rennes, jimbo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Jioni mwenyeji wetu alitupeleka kula galette, chapati pana na nyembamba ya rangi ya udongo, iliyokunjwa juu ya yai na jibini. Unga wake hutokana na mmea ambao Wafaransa huuita "ngano nyeusi", ingawa si ngano wala hauna udugu nayo. Asili yake ni Asia. Ulishamiri Bretagne kwa karne kadhaa kwa sababu ulistahimili ardhi duni, na kwa sababu mkulima maskini aliweza kuula yeye na watoto wake huku ngano halisi akiiuza au kuilipia kodi ya ardhi.

Kilikuwa chakula cha wanyonge. Katika karne ya 20, mkate mweupe ulipokuwa alama ya maendeleo, mashamba ya nafaka hiyo yalipungua mno. Baadaye galette ikarudi kwa heshima, na leo inauzwa Paris kwa bei ambayo ingemshangaza bibi wa kijijini aliyeilia kwa unyonge. Lakini heshima ilirudi wakati mashamba yamekwisha kupungua, hata ikabidi sehemu kubwa ya nafaka yenyewe iagizwe kutoka nje. Nilipokuwa nakula niliwaza: sisi tuna ulezi, ambao nao una rangi ya udongo na nao uliitwa chakula cha wanyonge. Je, na sisi tunasubiri mpaka utakapouzwa hotelini ndipo tuuheshimu?

Niliporudi nilikwenda soko la Tengeru kununua kilo mbili. Nilimuuliza muuzaji ulezi huo umelimwa wapi, nikitarajia ataje kijiji kimojawapo cha Meru. Alinijibu kwamba ulikuja kwa lori kutoka Sumbawanga. Nikarudi nyumbani na ulezi uliovuka nusu ya nchi kuja kutufundisha asili yetu.

Nafaka iliyosafiri kabla yetu

Ulezi, ambao jirani zetu wa Kenya huuita wimbi, ulianza kulimwa na wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huku ulivuka Bahari ya Hindi ukafika India, ambako unajulikana kwa jina la ragi. Katika jimbo la Karnataka familia nyingi huusonga kama ugali, na pia huupika kama dosa, yaani chapati nyembamba ya maji inayomiminwa kwenye chuma cha moto.

Jambo hili lina kejeli yake. Wahindi waliupokea ulezi wetu wakautengenezea chapati. Sisi, karne nyingi baadaye, tuliipokea chapati yao pamoja na jina lake, lakini tukaipokea ya ngano. Ndiyo maana mtoto wa Arusha akisikia "chapati ya ulezi" hudhani ni ubunifu wa mhadhiri asiye na kazi, ilhali mwenzake wa Bangalore ameila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Huku Meru, kama kwa jirani zetu Wachagga, mgomba ulikuwa nguzo ya kihamba na ulezi ulikuwa nafaka ya heshima. Ulezi uliooteshwa kisha ukakaushwa na kusagwa, yaani kimea, ulitiwa katika maji ya ndizi zilizochemshwa ili kupata mbege. Bila mbege, posa haikukamilika na ugomvi wa mipaka haukusuluhishwa. Uji wa ulezi alipewa mzazi aliyetoka kujifungua. Punje zake ni ndogo mno, wadudu wa ghalani huzisumbua kidogo sana, na zikihifadhiwa vizuri hukaa miaka kadhaa. Kwa maneno mengine, ulezi ulikuwa kinywaji cha ibada, chakula cha mzazi na bima dhidi ya njaa kwa wakati mmoja. Sayansi ya leo inaongeza kwamba una madini ya kalisi kwa wingi kuliko mahindi, mchele au ngano. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini mwetu walihimiza kimea kitiwe katika uji wa watoto, kwa kuwa huufanya uji mzito uwe mwepesi kunyweka bila kuuongezea maji. Bibi zetu walilijua jambo hilo muda mrefu kabla ya maabara kulieleza.

Basi nafaka yenye sifa zote hizo ilipoteaje katika miteremko ya Meru? Nitataja mambo matatu.

Ardhi

La kwanza ni ardhi. Mgomba hukaa juu, penye mvua na kivuli, karibu na nyumba. Nafaka huhitaji uwazi na jua, hivyo mashamba yake yalikuwa miteremko ya chini na tambarare. Hapo ndipo ukoloni ulipotua.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Majeshi ya Wajerumani pamoja na washirika wao yaliadhibu Meru na Arusha kwa kuchoma nyumba, kuharibu migomba na kupora mifugo. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 walowezi wakaanza kugawiwa ardhi chini ya mlima. Walikuwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini, na Wajerumani waliotoka Urusi waliowekwa Leganga, hapa Usa River, katika makazi yaliyopewa jina la Leudorf. Mashamba ya walowezi yakajipanga kuuzunguka mlima mfano wa pete ya chuma. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sehemu kubwa waliyauza mashamba ya Wajerumani kwa walowezi wengine badala ya kuyarudisha kwa wenyeji. Watu wakaongezeka ndani ya pete, na baadaye kahawa ikaingia kihambani kuwania nafasi na migomba. Mmea unaohitaji tambarare ukakosa mahali pa kusimama.

Waliotoboa pete hiyo walikwenda upande wa pili wa mlima, Engare Nanyuki, wakalima na kufuga huko. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 ili kuwapisha walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa. Wahamishwaji walielekezwa Kingori, mahali walipopakataa kwa sababu ya joto, uhaba wa maji na magonjwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuwasemea Wameru, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa, na miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kuhutubia Baraza la Udhamini. Ardhi haikurudi papo hapo, lakini Tanganyika nzima ilijifunza kitu.

Wanafunzi wangu huijua habari hiyo kwa upande wa siasa. Mimi niliisikia kwanza kwa upande wa mbegu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa walioondolewa Engare Nanyuki, na mama yangu alikuwa mtoto wa mgongoni. Bibi alisimulia kwamba mkono mmoja alishika mtoto mkubwa na mkono wa pili kibuyu cha mbegu za ulezi, kilichokuwa kikining'inia juu ya meko ili moshi uzilinde. Aliipanda mbegu ile alikopewa hifadhi, kwenye kipande cha shamba la ndugu kisichozidi uwanja wa nyumba. Ilizaa kidogo. Mwaka uliofuata ndugu yule aliihitaji ardhi yake. Mbegu ile ya familia iliishia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo kila nipitapo Tengeru hunirudia. Kuanzia mwaka 1942, na kwa miaka kadhaa baada ya vita, ilikuwepo pale kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki mwa nchi yao, wakapitia Siberia na Asia ya Kati hadi Iran, kisha wakaletwa Afrika Mashariki. Makaburi yao yapo hadi leo. Walitoka katika nchi ambayo "ngano nyeusi" ile ya Bretagne ni chakula cha kila siku, wakafika katika nchi ya ulezi. Siwaonei kijicho; mkimbizi ni mkimbizi. Ninachokumbusha ni kwamba mlima uleule uliowapokea watu waliofukuzwa kwao, katika mwongo uliofuata ulishuhudia wenyeji wake wakifukuzwa. Mpishi wa kila upande alibaki na swali lilelile: nitapika nini bila shamba langu?

Kazi

Jambo la pili ni kazi, na hapa ndipo mama yangu anaposhinda mjadala.

Ulezi ukiwa mchanga hufanana sana na magugu ya jamii yake. Apaliliaye hana budi kuinama na kutenganisha mche na mche kwa vidole. Ukikomaa, ndege hushuka kwa makundi, na lazima awepo mtu wa kuwaamia tangu alfajiri mpaka jioni. Huvunwa suke moja moja kwa kisu. Hukaushwa, hupurwa kwa fimbo, hupetwa kwa ungo, huoshwa ili kuondoa mchanga, huanikwa tena, ndipo husagwa. Zamani za bibi yangu ulisagwa kwa jiwe. Sehemu kubwa ya kazi hizo ilikuwa ya wanawake, na kazi ya kuamia ndege ilikuwa ya watoto.

Mahindi, mgeni kutoka Amerika aliyeingizwa pwani yetu na Wareno, yana fadhila moja kubwa: suke lake limevaa maganda. Ndege hapati kitu kwa urahisi. Palizi yake ni ya jembe, mkulima akiwa amesimama. Shule zilipoenea, mtoto aliyekuwa akiamia ndege alikwenda darasani, na hakuna mzazi mwenye akili aliyepaswa kumzuia. Mashamba ya walowezi nayo yaliwalisha vibarua kwa posho ya unga wa mahindi, na mwanamume aliyezoea posho mashambani alirudi nyumbani akiitaka. Mashine za kusaga zilipofika vijijini, mahindi yakawa mepesi zaidi.

Kwa hiyo, tunapowalaumu bibi zetu kwamba "walisahau asili", tunawakosea adabu. Walipiga hesabu. Mwanamke mwenye watoto sita, mume aliye kibarua na shamba lililominywa na pete ya walowezi alichagua nafaka iliyompunguzia kuinama. "Mwacha asili ni mtumwa" ni methali nzuri, lakini kabla ya kumtupia mtu tuulize kwanza: hiyo asili ilibebwa na mgongo wa nani?

Dola na bei

Jambo la tatu ni dola, na silisemi kwa kutafuta lawama nyepesi. Baada ya uhuru taifa changa lilihitaji kulisha miji. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, na katikati ya miaka ya 1970 serikali ikaanza kulipa bei moja ya mahindi nchi nzima. Nia ilikuwa usawa kati ya mikoa. Matokeo yake mengine ni kwamba mahindi yakapewa bei, maghala na malori, na nafaka ndogo zikaachwa nyuma. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulipotupiga, tuliagiza nafaka kutoka nje. Wazee wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano uliokuja kwa misaada, ambao wananchi kwa ucheshi wao waliupa jina la "Yanga".

Ngano ina historia nzito zaidi. Waingereza walianza kuipanua katika Jimbo la Kaskazini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya uhuru, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa saba katika Wilaya ya Hanang, wakati huo ikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Takriban ekari 100,000 zilichukuliwa, nyingi zikiwa malisho bora ya Wabarabaig. Trekta zililima mpaka juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaibatilisha mwaka 1985 kwa hoja, pamoja na nyingine, kwamba wadai walishindwa kuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Msomaji atafakari: Mwafrika aliyezikwa baba yake katika ardhi ile aliambiwa na mahakama ya nchi huru kwamba hakuthibitisha uenyeji wake. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mkoloni. Waliofaidi walikuwa walaji wa mkate wa mjini.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotamani kuwa walaji hao. Nilizaliwa wakati wa uhaba wa miaka ya 1980. Nyumbani kwetu chapati ya ngano ilipikwa Krismasi, na Pasaka ikiwa mambo ni mazuri. Siku nyingine zote tulikunywa uji wa ulezi ulionunuliwa kidogo kidogo. Asubuhi moja nikiwa darasa la tatu niliwaambia wenzangu kwamba nimekunywa chai kwa mkate. Mmoja wao alinionyesha mdomo wangu wa juu: ulikuwa na alama ya uji, rangi ya udongo. Walicheka mpaka mapumziko. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yangu kwamba uji ule ni wa wagonjwa na maskini na kwamba sitaunywa tena. Hakunichapa. Alikwenda kwa jirani akaazima kikombe cha unga wa ngano.

Deni la kikombe kile sijui lililipwaje. Najua tu kwamba haya iliyonifanya niseme maneno yale haikuzaliwa tumboni mwangu. Ilitengenezwa na pete ya mashamba, na posho, na ukurasa wa kitabu wenye picha ya familia "bora" mezani mbele ya mkate.

Namna ya kuipika

Turudi jikoni. Baada ya chapati ya tatu kukatika, mama yangu aliweka ungo chini, akainuka, akanipokonya upawa. "Unaupika ulezi kama ngano," alisema. "Ulezi si ngano."

Alikuwa sahihi hata kwa kipimo cha maabara. Ngano ina gluteni, protini inayovutika na kuushikanisha unga. Ulezi hauna. Chapati ya ngano huweza kuwa pana na bado ikageuzika. Ya ulezi ikiwa pana huvunjika kwa uzito wake. Basi huu ndio utaratibu tuliofikia, mama akielekeza na mimi nikitii.

Osha ulezi kwa maji mengi mpaka mchanga uishe, anika ukauke kabisa, kisha sagisha laini. Chukua vikombe viwili vya unga, tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo ukikoroga mpaka upate rojo kama uji mwepesi. Funika, acha usiku kucha mahali penye joto. Asubuhi utakuta rojo limeanza kuchachuka kidogo na kutoa vipovu. Ponda ndizi moja mbivu sana, piga yai moja, changanya vyote na chumvi kidogo. Ndizi na yai vitafanya kazi ya kushikanisha ambayo gluteni ingeifanya. Moto uwe mdogo. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa. Pakaza mafuta kidogo kwenye kikaango, mimina upawa mmoja usiojaa, chapati isizidi ukubwa wa kisosi. Funika. Usiguse mpaka kingo zikauke na uso utoboke vitundu. Hapo geuza mara moja tu.

Ya nne haikukatika. Binti yangu mdogo alikula tatu na asali. Kaka yake alikula moja, akasema inafanana na udongo, akaomba mkate. Sikumlazimisha. Nakumbuka nilivyokuwa.

Tufanye nini

Mwezi Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na kwa kuwa sehemu kubwa mno ya ngano tunayoila Tanzania hutoka nje, bei ya unga ikapanda. Mama lishe wa Usa River, ambaye hana habari na Bahari Nyeusi, alipunguza ukubwa wa chapati na maandazi yake. Mwaka uliofuata, 2023, Umoja wa Mataifa kwa pendekezo la India uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama. Yalifanyika makongamano. Nilihudhuria moja, chai ya saa nne ililetwa na maandazi ya ngano.

Simhubirii mtu aache chapati ya ngano. Nami naipenda. Ninachosema ni kwamba kupika ulezi nyumbani, jambo jema kwa afya na kumbukumbu, hakurudishi kilichopotea ikiwa tunaacha mambo matatu niliyoyataja kama yalivyo.

Kwa watumishi wa umma: serikali ni mnunuzi mkubwa wa chakula. Halmashauri ikiamua kwamba uji wa shule za msingi uchanganywe na ulezi, na ulezi huo ununuliwe kwa wakulima wa wilaya kwa bei iliyotangazwa kabla ya msimu, itafanya zaidi ya semina mia. Kwa maofisa ugani na wahandisi wetu: tatizo la ulezi ni mgongo wa mwanamke. Mashine ndogo ya kupura na kifaa cha kupanda kwa mistari ili palizi iwe ya jembe ni masuala ya haki kabla hayajawa ya teknolojia. Tukiurudisha ulezi bila kuipunguza kazi yake, tutakuwa tumeurudisha utumwa kwa jina la asili.

Kwa wanaharakati: msitenganishe mjadala wa lishe na mjadala wa ardhi. Ukitazama kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi, ardhi yenye maji bado ni ya mashamba makubwa, na mengine yanalima maua yanayosafiri kwa ndege. Na mkate wetu wa mjini una deni Hanang ambalo halijasemwa vya kutosha darasani. Kwa wanafunzi wangu: likizo hii kila mmoja akamuulize mzee mmoja wa kwao swali moja tu, mbegu ya nafaka ya mwisho aliyoihifadhi mwenyewe ilikuwa ipi, na iliishaje. Andikeni jibu kwa lugha aliyolisema. Hiyo ndiyo nyaraka isiyo na makumbusho, na wenye nayo wanapungua kila mwaka.

Tulipomaliza kula Jumamosi ile, zilikuwa zimebaki punje kiasi cha kiganja ambazo sikuwa nimezisagisha. Mama yangu alizimimina mkononi, akazipuliza makapi, akaziangalia kwa karibu kwa jicho lake linaloona. "Huu si wa kwetu," alisema. "Wa kwetu ulikuwa mwekundu zaidi." Nikadhani ndio mwisho wa maneno. Lakini alizifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakifunga fundo, akanikabidhi.

"Mvua za masika zikianza, panda mistari miwili pale nyuma ya nyumba. Utapalilia wewe."

Nimekitundika jikoni, juu ya jiko.